Jinsi ya Kutengeneza Kasha la Kompyuta la Akriliki Ukiwa Msata Bila Kugombana na Seremala

Leza haihitajiki. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalowavunja moyo vijana wengi. Wanaona picha za makasha yanayong'aa, feni zikiwaka taa za buluu na zambarau, wanauliza yamekatwa na nini, wanajibiwa mashine ya leza, na hamu inaishia hapo. Kasha zuri la akriliki linatengenezwa kwa msumeno wenye meno madogo, drili ya mkono, tupa, msasa na rula ya chuma. Kama huna, fundi jirani anavyo, na utamwomba kwa adabu.

Shiti yenyewe ndiyo ya kuagiza, na haiko mbali. Msata imekaa njia panda. Barabara kuu ya kutoka Chalinze kwenda Segera inapokea hapa ile ya kilomita 64 inayotoka Bagamoyo, ikipita Kiwangwa kwenye mananasi, kwa hiyo mzigo wa Kariakoo unaokwenda Tanga, Moshi au Arusha unapita mbele ya macho yako kutwa kucha. Unachotakiwa ni kujua cha kuagiza.

Utaulizwa kwa nini unahangaika, wakati kompyuta ilikuja na kasha lake la bati. Jibu unalo. Kompyuta nyingi tulizonazo huku, za stesheneri, za shule na za ofisi ndogo, ni mtumba: Dell OptiPlex, HP na ndugu zao, zilizotumika kwanza katika ofisi za mbali zenye kiyoyozi. Makasha yao yana feni ndogo na matundu machache, kwa sababu aliyeyachora hakuwa anafikiria chumba cha bati mchana wa Januari, wala vumbi la malori ya kokoto yanayoshuka kutoka Lugoba. Nyingine zimefika zimebonyea, mlango wa pembeni umepotelea njiani. Kasha jipya unalichora kwa hewa ya hapa na vumbi la hapa.

Na kuna sababu ninayoipenda zaidi. Akriliki ni angavu. Inapitisha asilimia 92 ya mwanga unaoonekana, hata kukishinda kioo cha kawaida cha dirisha. Mwanafunzi akikaa mbele ya kasha hilo anaona feni inazunguka, anaona RAM imekaa wapi, anaona waya mnene unatoka kwenye pawa saplai na kwenda kwenye mazabodi. Nchi yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na waliokuwa vijana wakati ule walikuja kuzizoea wakiwa watu wazima. Sasa zipo, lakini tumezifungia kwenye bati na kuzibandika karatasi ya "usiguse". Nataka zionekane.

Kama hata robo ya shiti ni ghali kwako kwa sasa, usikae bure. Vijana wa WoeLab, kule Lomé nchini Togo, wamejenga kompyuta ndani ya dumu la lita 20, lilelile la maji, kwa vipuri vilivyotupwa. Mtindo huo unaitwa Jerry, na ulianzia Paris mwaka 2011. Dumu unalo nyumbani. Karibu kila nitakachosema hapa chini kuhusu hewa, umeme na vumbi kinalihusu dumu pia.

Sasa tuingie kazini.

Shiti nzima huwa ya futi nne kwa nane, yaani milimita 1220 kwa 2440. Ya unene wa milimita 5 ina uzito wa kilo 17 na ushee. Hiyo yote huihitaji. Nenda kwa watengenezaji wa mabango, kwa sababu wao ndio wanaoitumia kila siku, uwaombe wakukatie robo: milimita 610 kwa 1220. Wengine wataiita perspex, jina lililotoka kwa kampuni ya ICI ya Uingereza miaka ya 1930. Kitu ni kilekile. Unene usishuke chini ya milimita 5. Ya milimita 3 itayumba ukiifunga pawa saplai, na siku ya kwanza utakayoliinua kasha litalia kwenye kila skrubu.

Muulize muuzaji kama ni ya kumiminwa au ya kusukumwa kwenye mashine. Ya kumiminwa inakatwa na kutobolewa kwa utulivu. Ya kusukumwa ni rahisi zaidi, lakini inayeyuka mapema na kuung'ang'ania msumeno. Kama humwamini muuzaji, omba chembe ndogo, toka nje, iwashe kwa kiberiti ukiwa umeishika kwa koleo. Akriliki huwaka kwa moto mtulivu na kutoa harufu tamu kidogo, kama ya matunda. Ikitoa moshi mweusi wenye masizi yanayoruka, hiyo ni plastiki nyingine ya bei rahisi, na itapasuka mkononi mwako kwenye tundu la tatu. Mrudishie kwa heshima.

Kusafirisha nako ni kazi. Ukipandia Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis, ifunge robo yako katikati ya mbao mbili nyembamba za plaiwudi na uisimamishe. Usikubali ilazwe kwenye buti chini ya viroba vya mchele. Utingo akiambiwa ni plastiki atamkalisha mtu juu yake. Fungua kona ya karatasi umwonyeshe inavyong'aa, naye ataibeba kwa mikono miwili. Ile karatasi au nailoni inayoifunika shiti pande zote iache ilivyo. Nitakwambia lini uibandue, na siku hiyo bado iko mbali.

Kata karatasi ya vipimo kabla ya akriliki. Hapa ndipo kasha linapopatikana au kupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mazabodi ya kawaida ya ATX, mtindo ambao Intel iliuleta mwaka 1995, ina milimita 305 kwa 244. Ile fupi, maikro ATX, ni 244 kwa 244, na ile ndogo zaidi ya mini ITX ni 170 kwa 170. Pawa saplai ya ATX ina upana wa 150, kimo cha 86 na urefu wa kama 140. Feni kubwa ina 120 kila upande, na matundu yake ya skrubu yameachana kwa milimita 105.

Namba hizo zifahamu, kisha uzipime upya kwenye mashine yako, kwa sababu kompyuta za mtumba za ofisini zina ukaidi wake. Kampuni kubwa zimezoea kuweka matundu pale zinapotaka, pawa saplai yenye umbo lao, na hata soketi ya umeme ambayo pawa saplai ya dukani haiingii. Laza karatasi ya kaki juu ya mazabodi, papasa kila tundu, litoboe kwa ncha ya penseli. Fanya hivyo kwa pawa saplai na kwa ule upande wa nyuma wenye matundu ya USB na skrini. Kitufe cha kuwashia usinunue kipya. Kitoe kwenye kasha la zamani pamoja na waya na plagi yake, maana nacho mara nyingi ni cha kwao peke yao. Ukimaliza utakuwa na karatasi inayosema ukweli wa mashine uliyonayo, na kwenye kazi hii hakuna mchoro unaoishinda hiyo.

Kwa maikro ATX, robo ya shiti inatosha na kubaki, ukiigawa hivi. Kata urefu wa 1220 upate vipande vitatu vya 400 kwa 610. Kila kimoja kikate tena upate mraba wa 400 kwa 400 na ukanda wa 400 kwa 195. Una miraba mitatu na kanda tatu. Mraba mmoja upasue katikati upate kanda mbili zaidi za 195. Miraba miwili iliyobaki ndiyo kuta za kulia na kushoto. Kanda mbili zenye urefu wa 400 ni mbele na nyuma. Mbili zinazopunguzwa hadi 390 ni juu na chini, kwa sababu zinaingia katikati ya zile. Ukanda wa tano ni wa kujifunzia kutoboa. Usithubutu kuutumia kwa jambo lingine kabla hujautoboa angalau mara kumi.

Hapa anaingia seremala.

Ukifika karakana salimia kwanza. Aliyekuzidi umri ni shikamoo, na msumeno wake usiuguse hata kwa kidole kabla hajakuitikia marahaba. Kisha mweleze, bila kumfundisha kazi, kwamba hii si mninga. Mbao husamehe mwendo wa haraka, akriliki haisamehi. Mwombe diski yenye meno madogo na mengi, 60 au zaidi, iliyonolewa. Ile ya meno makubwa ya kupasulia magogo itameng'enya kingo zote. Ombi la pili ni mwendo: asisukume kwa nguvu, na asisimame katikati ya mkato, kwa kuwa diski ikizunguka mahali pamoja inayeyusha plastiki na plastiki inaganda nyuma yake. Mkubaliane malipo kwa saa badala ya kwa mkato, na hapo hakuna atakayekuwa na haraka. Vaeni miwani na kitambaa puani, nyote wawili. Kama umeme umekatika na huwezi kungoja, msumeno wa mkono wa kukatia chuma unafanya kazi ileile kwa jasho zaidi, na mkato wake huwa safi ajabu ukiufuatiliza kwa tupa.

Kutoboa ndiko kunakovunja shiti nyingi kuliko kukata. Biti mpya ya chuma ina makali yanayouma; ikifika upande wa pili wa akriliki inaivuta na kuipasua. Isugue ncha yake kidogo kwenye jiwe la kunolea hadi yale makali yaache kuuma na yaanze kukwangua. Weka ubao chini ya kipande, kibane, toboa polepole, na dondosha maji kidogo tundu likianza kupata joto. Tundu la kutosha skrubu ya milimita 4 litoboe kwa biti ya 5. Nafasi hiyo ina maana yake: akriliki hutanuka kwa joto kuliko chuma, na ukuta wa milimita 400 ukitoka kwenye baridi ya alfajiri hadi joto la alasiri unaongezeka karibu nusu milimita. Ukiubana bila nafasi utajitafutia nyufa zinazotoka kwenye kila tundu. Kila skrubu ivae washa, na nati ikikaza, acha hapo.

Tundu kubwa la feni, lenye kipenyo cha milimita 115 hivi, lizungushie vitundu vidogo vilivyokaribiana, uunganishe kwa msumeno mwembamba, kisha tupa. Ni kazi ya kuchosha mikono. Mpe mdogo wako zamu, atajifunza.

Kuhusu gundi nina msimamo, nao ni kwamba usiunge. Wanaojenga kwa gundi hutumia vimiminika vinavyoyeyusha kingo mbili zikashikana zikawa kitu kimoja, na kazi yake ni nzuri kuitazama. Lakini mvuke wake ni sumu, haufai chumba kilichofungwa, na kasha lililoungwa halifunguki. Msata kasha lisilofunguka ni kaburi la vumbi. Ile gundi ndogo ya haraka ya dukani ndiyo mbaya zaidi: huacha ukungu mweupe pembeni mwa kiungo ambao hauondoki. Nenda kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu, umwombe mabaki ya engo za milimita 20 kwa 20. Vipande ambavyo yeye angevitupa ndivyo vitakavyoshika kuta zako kwenye kona zote, kwa skrubu na nati, na ukuta wa kushoto utafunguka kwa dakika mbili.

Mazabodi ikae kwenye ukuta wa kulia, juu ya vijiguu vya shaba ulivyovitoa kwenye kasha la zamani. Pawa saplai ikae chini, nyuma. Feni mbili mbele zivute hewa ndani, moja nyuma juu iitoe. Wingi huo wa kuingiza ni wa makusudi. Hewa ikiingia kwa nguvu kuliko inavyotoka, kila upenyo wa kasha unapumua kwenda nje, na vumbi linabaki na njia moja tu ya kuingilia: mbele ya feni, ambako umeliwekea chujio. Wavu wa dirisha hautoshi. Matundu yake yanazuia mbu, vumbi jekundu linapita. Nyosha tabaka mbili za soksi ndefu za nailoni kwenye fremu ndogo ya plaiwudi, uifunge mbele ya feni kwa skrubu. Kiangazi zifue soksi hizo kila wiki. Usipuuze feni hizi. Kasha la bati husaidia kidogo kutoa joto kupitia kuta zake. Akriliki haipitishi joto kwa kiasi cha maana, kwa hiyo feni ndizo zinabeba kazi yote.

Umeme sasa, na hapa nakusihi usome mara mbili. Kasha la pawa saplai usilifungue kamwe. Ndani mna kapasita zinazotunza umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Tazama nyuma yake: za zamani nyingi zina kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Kama ilitoka Marekani huenda kimekaa 115. Soketi yetu ni ya 230, na ukiwasha hivyo utasikia mlipuko na kunusa gharama yake. Kisukume kiwe 230 kabla ya kitu kingine chochote. Tumia plagi ya pini tatu, yenye ethi inayofanya kazi, na engo zako za aluminiamu ziunge kwa waya hadi kwenye mwili wa pawa saplai. Aluminiamu ya madirisha imepakwa rangi au imewekewa ngozi isiyopitisha umeme, kwa hiyo kwangua pale waya unapofungwa hadi uone chuma chenyewe, kisha pima kwa mita.

Akriliki pia hukusanya umeme tuli, hasa ukiisugua kwa kitambaa kikavu. Unapoifunga mazabodi ile karatasi ya kinga iwe bado ipo, kuta zisisuguliwe, na mkono wako uguse kwanza chuma kilichoungwa na ethi. Jambo jingine ambalo makasha ya bati hufanya kimyakimya ni kuzuia kelele za redio. Lako halitazuia. Redio ya FM ya mama ikianza kukwaruza, isogeze kompyuta, usiisogeze redio.

Kingo zilizokatwa zisugue kwa msasa wa maji, kuanzia namba 240, kisha 400, 600 na 1200, kila mmoja ukifuta alama za uliotangulia. Malizia kwa dawa ya kung'arishia rangi ya magari. Mtu akikwambia upitishe moto wa gesi kwenye kingo zing'ae kwa haraka, mkatalie. Moto huacha mkazo ndani ya plastiki, na mkazo huo hujitokeza baadaye kama nyufa nyembamba.

Washa mashine. Iache ifanye kazi saa nzima mchana, kasha likiwa limefungwa, huku unasoma joto la prosesa kwenye programu. Ukiridhika, bandua karatasi ya kinga. Ndiyo siku niliyokwambia.

Kuanzia hapo lisafishwe kwa maji yenye sabuni kidogo na kitambaa laini cha pamba kilichokamuliwa, mashine ikiwa imechomolewa. Spiriti, petroli, thina na dawa za kusafishia vioo vya madirisha zisilikaribie, kwa sababu huleta mtandao wa nyufa ambao hakuna msasa utakaouondoa. Na kwa kuwa akriliki huwaka, lisikae karibu na jiko la mkaa, mshumaa, wala dawa ya mbu ya kuchoma.

Kasha tupu la vipimo hivi lina uzito wa karibu kilo nne bila engo, kijana mmoja analibeba. Basi libebe. Lipeleke shule ya sekondari iliyo karibu nawe, ukaonane na mwalimu wa fizikia au wa kompyuta, akupe kipindi kimoja. Chomoa umeme, fungua ukuta wa kushoto, umwache kila mwanafunzi aitoe RAM kwa mkono wake na kuirudisha hadi isikike imebana. Kisha waachie ile karatasi yako ya kaki yenye vipimo, wakate la kwao.